Pikipiki Bubu

Mtu wa kwanza kuniogopa alikuwa mama mmoja muuza dagaa pale Nyakato, Musoma. Ilikuwa asubuhi, jua limeshatoka vizuri, na mimi nilikuwa naendesha pikipiki ya umeme taratibu nyuma yake, nikisubiri asogee anipishe. Alikuwa na beseni kichwani. Sikupiga honi kwa sababu nilidhani amenisikia. Alipogeuka kutazama kitu kingine kabisa, akakuta tairi la mbele liko karibu na kisigino chake, na mtu mwenye kofia nyeusi amekaa juu, kimya. Hakupiga kelele. Alirudi nyuma polepole mpaka mgongo ukagota kwenye ukuta wa duka, beseni likiwa bado kichwani, akaniuliza, "Umetokea wapi?"

"Nimetoka huko chini, mama. Nilikuwa nyuma yako."

"Tangu wapi?"

Nikamwambia tangu pale kwenye mashine ya kusaga. Akaitazama mashine ya kusaga, akaitazama pikipiki, akatazama miguu yangu. Halafu akaondoka bila kuaga, na kwa jinsi tulivyolelewa huku kwetu, mama mtu mzima kuondoka bila kuaga si jambo dogo.

Kazi yangu ndiyo iliyonipandisha kwenye pikipiki ile. Nilikuwa mratibu wa mradi mdogo wa usafiri katika miji ya huku Mara, na wazo la mradi lilikuwa jepesi: kama kuna mji mwingine umeshajaribu kitu kikafaa, usikae kubuni chako upya. Nenda ukakione, uliza maswali, kilete nyumbani, kirekebishe kiendane na watu wako. Basi nilipelekwa Kigali, nikapelekwa Nairobi. Nikaona bodaboda za umeme zinapita kama kitu cha kawaida, nikaona dereva anaingia kituoni, anachomoa betri iliyoisha, anachomeka iliyojaa, anaondoka kabla hujamaliza kumsalimia. Nilirudi Musoma nimejaa maneno. Manispaa walinisikiliza, wakatupa kiwanja kidogo Nyakato kwa ajili ya kituo cha betri. Kingine tukakiweka Makutano, pale njia ya Butiama inapochepuka, na cha mwisho Bunda.

Kule nilikokwenda hakuna aliyenieleza habari ya ukimya. Sidhani kama walinificha. Ile ni miji mikubwa, kelele zake haziishi, ukitoa mlio wa pikipiki nyingi kiasi gani hakuna atakayejua kimepungua nini. Musoma siyo hivyo. Musoma, saa nane mchana, jua limebana na ziwa limelala, unasikia mtu anafagia uani nyumba ya tatu kutoka kwako. Ndani ya mji kama huo ukimya unaotembea barabarani watu wanauona.

Wakaziita bubu. "Nitafutie bubu," mtu anamwambia mwenzake kijiweni, nusu mzaha. Abiria wa mtaa wa Iringo walikuwa wakishika bega la dereva na kumuuliza, "Imezima?" hali miti inapita kushoto na kulia. Wapo walioshuka katikati ya safari. Na mbwa, hili nililiona mwenyewe zaidi ya mara moja, walikuwa hawatubwekei tukija. Walibweka tukishapita, tena wakitazama kule tulikotoka.

Nilijiambia ni ugeni tu, watazoea. Na kweli wengi walizoea.

Kati ya madereva wetu alikuwepo mmoja mtu mzima, mkimya, mzaliwa wa vijiji vya Majita kama mimi, aliyekuwa akivua huko kisiwa cha Rukuba kabla hajauza nyavu na kununua pikipiki yake ya kwanza ya petroli. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa kijiwe chao. Alipokubali kupanda bubu, wenzake walifuata, kwa hiyo nilimheshimu na kumtegemea. Yeye alipenda safari za mbali. Asubuhi anapeleka mtu au mzigo Bunda, anabadilisha betri, mchana anarudi.

Alasiri moja aliingia ofisini kwangu, akaweka ufunguo wa pikipiki juu ya meza.

"Dada, chukua pikipiki yako."

"Imeharibika?"

"Haijaharibika. Ni nzima kuliko mimi."

Nikamvutia kiti. Alikaa, akavua kofia, akaipakata kama mtoto. Jasho lilikuwa linamtoka na ofisi yangu ina feni.

"Kuna mtu ananiitaga njiani," alisema.

Nikamgeuzia feni.

"Zamani nilikuwaga nasikia injini tu. Miaka yote, injini. Sasa nasikia kila kitu. Nasikia majani. Nasikia koo langu nikimeza mate. Sasa kuna mahali, ukishapita Kiabakari ukielekea Bunda, kabla ya kale kamlima. Mwanamke ananiita. Ananiita kwa jina langu la ubatizo."

"Si labda mtu anakufahamu?"

"Huko sina mtu ananifahamu. Na nikigeuka sioni mtu, dada. Ni mawe tu na minyaa. Anaita mara nyingi, halafu ananyamaza. Juzi nilisema leo sitapunguza mwendo. Nikaongeza. Ikanifuata."

Jina lake ni jina la mtakatifu, la kawaida sana huku, kila darasa nililosoma lilikuwa na mmoja au wawili. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia pia kwamba upepo ukipita kwenye tundu za kofia unaweza kutoa sauti za ajabu. Alinisikiliza kwa adabu yote, kisha akasema, "Twende wote basi. Usikie huo upepo."

Tulikwenda siku iliyofuata. Tulibadilisha betri Makutano, tukapita Kiabakari watu wakiwa wametandaza nyanya na mihogo kando ya barabara, na baada ya hapo nyumba zikaanza kupungua. Ilikuwa saa ya jua kali, ile saa ambayo hata mbuzi wamejikunja chini ya vichaka. Nilikaa nyuma yake, mikono nimeshika chuma cha kiti. Nilianza kuelewa alichosema. Ukiwa kwenye pikipiki ya kawaida uko ndani ya mlio wako mwenyewe kama mtu aliyejifunika shuka. Pale tulikuwa hatujajifunika chochote. Nilisikia tairi likilamba lami, nilisikia panzi, na mahali fulani nyuma ya mawe kengele ya ng'ombe ililia mara moja ikanyamaza.

Alipunguza mwendo bila kuniambia. Mabega yake yalikuwa yamepanda.

Sauti ilitoka kulia. Haikuwa kubwa. Ilikuwa sauti ya mwanamke anayeita mtu aje kula, ile ya kuvuta herufi ya mwisho, na ilikuwa inaita jina lake. Sitadanganya, ngozi ya kichwa changu ilisisimka chini ya kofia. Niligeuka. Mawe makubwa, yale ya kwetu yaliyopandana, na mbele yake ua mrefu wa minyaa. Hakuna mtu. Ikaita tena.

"Umesikia?" aliuliza.

"Nimesikia. Simama."

"Nisimame?"

"Simama, kaka."

Alisimama. Tukabaki tumekaa juu ya pikipiki katikati ya lile jua. Sauti ilikatika hapo hapo, neno likiwa nusu. Nadhani kilichoniogopesha zaidi ni hicho, kwamba ilipoona tumesimama ilinyamaza. Kisha minyaa ikatikisika, mahali ambapo mimi sikuona njia yoyote, akatoka bibi mwembamba aliyejifunga khanga mbili, hana viatu. Alikuja moja kwa moja. Mimi hakunitazama hata kidogo. Alimtazama dereva usoni, kwenye kioo cha kofia kilichoshushwa, kisha akainama akaweka kiganja chake chini ya pikipiki, upande ule ambao pikipiki za petroli zina bomba la moshi.

Mtu yeyote wa huku anajua bomba la pikipiki iliyotoka safarini linavyounguza. Watoto wengi wana kovu la duara kwenye shavu la mguu. Bibi aliacha kiganja chake pale, akakisogeza huku na huku akitafuta joto, asilipate.

"Ni ya baridi," alisema. "Umekuja nayo kutoka huko?"

"Nimetoka Musoma, mama," dereva alijibu.

"Hapana. Kutoka huko."

Akamshika mkono, akaanza kumvuta kuelekea kwenye minyaa, na yule baba mzima, aliyepambana na mawimbi ya Rukuba, akamfuata. Mimi nikasukuma pikipiki nyuma yao.

Nyuma ya ua kulikuwa na boma la kawaida tu. Nyumba ya tofali za kuchoma, zizi lenye ng'ombe wachache, shamba la mtama. Kumbe kutoka barabarani huwezi kuiona, na kutoka uani kwao huioni barabara, unaona tu vichwa vya watu wa kwenye pikipiki vikipita juu ya minyaa. Chini ya ukingo wa paa kulikuwa na kigoda, na mbele yake sahani imefunikwa kwa sahani nyingine. Bibi alimkalisha hapo. Alipofunua, ugali ulikuwa bado unatoa mvuke, na pembeni samaki wadogo, furu, wa kukaushwa waliopikwa kwa karanga. Chakula kilikuwa kimeshapakuliwa kabla hatujafika.

Dereva alivua kofia. Nilidhani bibi akimwona sura atamwachia, lakini alimtazama vile vile.

"Mama," alisema, "mimi siyo yeye. Sijui ni nani unamtafuta, ila siyo mimi."

"Kula kwanza," bibi akasema. "Kitapoa."

Akala.

Mwanamke wa makamo alitoka jikoni akifuta mikono, akanisalimia, akaniletea kiti na sahani yangu. Alikuwa mkwe wa yule bibi. Alikaa karibu nami na kunieleza kwa sauti ya chini, wakati bibi akimtazama mgeni wake akimega tonge. Mume wake, mtoto wa pekee wa kiume wa bibi, alikuwa bodaboda. Kila mchana alikuwa akipita pale kati ya Bunda na Kiabakari, na mama yake alikuwa akimwita kutoka uani aingie ale. Mara nyingi hakumsikia, mlio wa pikipiki ulikuwa mkubwa. Siku moja aliita, akaona kichwa cha mwanawe kinapita juu ya minyaa bila kugeuka. Kule juu kwenye kamlima akakutana na lori.

"Anasema angesikia angeingia kula, lile lori lingepita," mkwe alisema. "Tangu hapo kila pikipiki ikipita saa hii anaita. Zote. Tumempeleka kwa mchungaji, tumempeleka hospitali, anaita. Na hakuna hata moja iliyowahi kusimama, dada. Wangemsikiaje?"

Kisha akamnyooshea kidole dereva, polepole. "Na jina lake yeye ni lile lile?"

"Lile lile," nikajibu.

Mkwe alifunika mdomo kwa khanga.

Tuliporudi barabarani dereva alikaa kwenye pikipiki muda mrefu kabla hajawasha. Nilimwambia sasa tumejua, ni mama mfiwa tu, hakuna cha kuogopa. Alitikisa kichwa kukubali. "Ndiyo," alisema. "Ila yule mama alikuwa ameshapakua."

Ufunguo hakuurudisha tena. Kila alipokuwa na safari ya Bunda alisimama pale, akishaitwa anaingia, anakula anachopewa. Akaanza kumpelekea sato kutoka Musoma, na sukari. Hakusema tena kwamba si yeye, na bibi hakuuliza tena habari za huko alikotoka. Mkwe alimwambia kwamba sasa bibi anaita mara moja tu kwa siku, na pikipiki nyingine zikipita hanyanyui hata kichwa. Nilifurahi. Nilimweleza mwenzangu wa ofisini kana kwamba ni faida mojawapo ya mradi.

Mke wa dereva hakufurahi. Alinifuata kanisani baada ya ibada, akanivuta kando ya magari.

"Madam, mume wangu anaitikaga," alisema. "Tuko mezani, anageuza shingo, anaitika. Anaamka anakwenda mlangoni. Mama yake tulimzika zamani. Anamwitikia nani?"

"Umemuuliza?"

"Nimemuuliza. Anasema hajaitika."

Nilimwambia nitazungumza na mume wake, na nilipozungumza naye, alinijibu lile lile, kwamba hajaitika.

Ilikuwa katika siku hizo mzee wetu mmoja asiyeona alipogongwa Iringo. Alikuwa mwimba kwaya, besi ya kutetemesha madirisha, na kwa miaka mingi alivuka ile barabara peke yake, bila fimbo, akisimama ukingoni kusikiliza kisha anavuka. Bubu yetu moja ilikuwa inakuja polepole kabisa. Mzee akasikiliza, hakusikia kitu, akaingia. Alivunjika mkono. Nilipokwenda kumwona alikuwa amekaa kitandani, mkono umefungwa, anazungusha kichwa kufuata nyayo za wauguzi.

"Mwanangu, mimi naona kwa masikio," aliniambia. "Kile kitu hakikuwepo. Nilikuwa nimeshaanguka ndipo kikawepo."

Nilipiga simu kote nilikokuwa nimetembelea. Wenzangu wakaniambia kuwa nao yaliwapata hayo hayo, na kwamba sasa wanafunga spika ndogo inayovuma pikipiki ikiwa kwenye mwendo mdogo, ili watu wajue inakuja. Tukaagiza. Zilipofika zilikuwa na sauti kadhaa za kuchagua, nami nikaona mwenye haki ya kuchagua ni yule mzee. Alikuja ofisini na mkono wake ukiwa bado kwenye bandeji. Nikamsikilizisha sauti ya kengele, akakataa. Ya filimbi, akasema ataidhania ndege. Kisha ikaja moja ya chini, ya kuvuma, kama watu wengi wanaoimba wamefumba midomo.

"Hiyo," alisema. "Hiyo nitaijua."

Tulifunga kwenye pikipiki zote isipokuwa moja. Dereva wangu alikuja kituoni akasimama mbele ya fundi, mikono kifuani.

"Ukiniwekea hicho kidude, nitamsikiaje?" aliniuliza.

"Kaka, mzee amevunjika mkono. Kesho tutaua mtu."

"Najua. Nakuuliza, nitamsikiaje?"

Fundi alikuwa amesimama na bisibisi, anatutazama kwa zamu. Nilimwambia akifika pale azime kabisa, asimame, asikilize. Alifikiri, akasogea pembeni, fundi akafunga. Kwa hiyo baada ya hapo akawa anazima. Madereva wa mabasi ya Mwanza walimzoea, mtu na pikipiki yake kando ya barabara mahali pasipo na kituo, amekaa wima kwenye jua akisubiri.

Bibi alifariki masika yale. Mkwe ndiye aliyepiga simu, na hakunipigia mimi, alimpigia dereva, kwa sababu kwa mila za pale lazima mtoto wa kiume awepo kaburini. Alikwenda, na kijiwe chake chote kikamfuata. Mimi nilikuwa nimetangulia kwa gari la ofisi, nimekaa na akina mama chini ya turubai. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi, mawingu yako chini, kila kitu kina rangi ya majivu. Mchungaji alikuwa anasoma.

Kilichoanza kilikuwa mvumo. Ulitoka upande wa barabara, chini sana, ukapanda kidogo kidogo, mpaka mchungaji akaacha kusoma. Ilikuwa kama kwaya kubwa inayoimba imefumba midomo. Wanawake walianza kutazamana. Mmoja aliyekuwa amekaa karibu na jeneza alisimama, akasogea mbali nalo. Hapakuwa na mlio wa injini, hapakuwa na moshi, na juu ya minyaa vikaanza kupita vichwa vya watu waliovaa kofia nyeusi, kimoja baada ya kingine, polepole. Mimi nilijua ni nini, nilikuwa nimeagiza zile spika mwenyewe, na bado nilishika mkono wa mama niliyekaa naye.

Waliingia uani kwa mstari, wakazima. Mvumo wote ukakatika kwa pamoja. Katika ule ukimya wakavua kofia, wakawa ni watu wa Nyakato na Iringo tu, wengine nawajua na wake zao, viatu vina matope. Lakini kwa muda kidogo hakuna mtu wa pale aliyekuwa tayari kuwakaribisha. Ni mkwe aliyekwenda. Alimshika dereva mkono, akampeleka mbele, akampa koleo, naye dereva akawa wa kwanza kutupa udongo.

Baada ya mazishi dereva alitulia. Mke wake aliniambia ameacha kuitika, analala vizuri, amerudi kuwa mtu wa nyumbani. Yeye mwenyewe aliniambia kwamba siku ya kwanza aliyopita pale tena alizima kwa mazoea, akasikiliza, hakuna. Akawasha, akaondoka. "Imeisha, dada," alisema, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyetua mzigo.

Mradi ulikuwa unakwenda vizuri. Halmashauri ya Bunda walitaka kituo cha pili cha betri, wakatuita kwenye kikao, na nilimwomba anipeleke. Tulipita Kiabakari asubuhi, hewa bado ya baridi, mtama umekomaa pande zote mbili. Alikuwa ananisimulia habari za mwanawe aliyefaulu mtihani. Hakupunguza mwendo wala hakugeuka. Tulipokuwa sawa na minyaa, sauti iliita kutoka kulia, ile ile, ya kumwita mtu aje kula, inavuta herufi ya mwisho.

Haikuwa imeita jina lake. Ilikuwa imeita jina langu, lile la nyumbani, ambalo hata mjini hakuna anayelijua.

Nilimshika bega.

"Umesikia?"

"Nini?"

Nilitazama nyuma. Minyaa ilikuwa imetulia. Tulikuwa tumeshafika kwenye kamlima, na barabara mbele ilikuwa tupu mpaka mwisho wa macho.

"Hakuna," nilisema. "Nilidhani umesema kitu."

Akaendelea na habari za mwanawe. Bunda tulifika salama, kikao kilikuwa kizuri, kiwanja cha kituo tukakipata karibu na stendi. Wakati wa kurudi nilimwambia mgongo unaniuma, nikapanda basi. Mpaka leo sijamwambia, na mkwe wa yule bibi sijamuuliza kitu, ingawa namba yake ninayo. Wenzangu ofisini wanashangaa mimi ninayehubiri bubu kila mahali nikisafiri kwa basi. Nawaambia ni mgongo. Nikienda Bunda nakaa kiti cha mbele kabisa, karibu na injini, na dereva akipunguza redio namwomba aiache kama ilivyokuwa.